Tutembee, Tule kwa Akili

Zamani wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kutoka Tabora hadi Bagamoyo. Kila mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 hivi. Leo tunapanda pikipiki hata kwenda gengeni.

Mimi bwana shamba nilifanya hivyo. Daktari akanipima, akakuta nina shinikizo la damu. Akasema: tembea, punguza chumvi.

Tembea haraka nusu saa, siku tano kwa wiki. Kulima na kuchota maji ni mazoezi pia.

Ukila mjini kwa mama ntilie, agiza ugali, maharage na mchicha. Acha chipsi na soda. Usiongeze chumvi mezani. Msimu wa maembe, malizia na embe.

Kampeni ya mwaka 1973 ilisema: Mtu ni Afya. Ni kweli hadi leo.