Waya wa Simu Una Ncha Mbili

Juzi darasani palizuka ubishi. Mwenzetu mmoja alisema: "Simu nimenunua kwa pesa zangu, ukuta ni wa baba, sasa serikali yaingiaje?" Kengele ililia kabla hajajibiwa, basi namjibu hapa.

Waya wa simu ya mezani ukitoka sebuleni hapa kwetu Magongo hauishii pale nguzoni. Waenda hadi kituo cha kuunganisha simu, na kituo hicho ndicho kinacholeta umeme ndani yake, kiasi cha volti 48 simu ikiwa imetulia. Ukiinua mkono wa simu mkondo hupita, na kituo hujua kwamba wataka kupiga. Kengele ya simu ikilia, volti hupanda zikapita 70.

Stima ya nyumbani ni volti 240. Sasa fikiria mashine ya faksi ya bei ya chee, iliyochomekwa kwenye stima na kwenye simu kwa wakati mmoja, na kinga ya ndani ni mbovu. Stima yaweza kuruka ikaingia waya wa simu. Ami yangu alifanya kazi ya kuvuta waya miaka mingi, na asema waya wa simu hushikwa kwa mkono mtupu. Fundi aliye juu ya nguzo hajui umechomeka nini nyumbani kwako. Hapo ndipo serikali inapoingia, bwana!

Kuna na udhia mdogo. Kifaa kibovu kikivuta mkondo bila kukoma, kituo hudhani umeinua simu, na kila akupigiaye huambiwa laini ina shughuli. Ukiunganisha simu nyingi kwenye laini moja, nguvu ya kengele hugawanyika mpaka isilie hata moja.

Zamani dawa ilikuwa kukataza tu. Kule Marekani kampuni ya AT&T ilikataza wateja kuunganisha kitu kisicho chake, hata kikombe cha plastiki cha kuzuia sauti kisisikike na wa pembeni! Mahakama ilikiruhusu kikombe hicho mwaka 1956. Mwaka 1968 uamuzi wa kesi ya Carterfone ukafungua mlango kwa vifaa vya watu wengine, mradi visidhuru mtandao.

Hapa Kenya, Shirika la Posta na Simu lililoundwa 1977 lilikuwa mchezaji na refa pamoja: laini zake, usimamizi wake. Sheria ya Mawasiliano ya 1998 ikalitenganisha, na mwaka 1999 Telkom Kenya ikachukua simu, na urefa ukaenda kwa tume ambayo leo ni Mamlaka ya Mawasiliano. Mamlaka hiyo hupima aina ya kifaa na kuiidhinisha kabla hakijauzwa wala kuunganishwa. Mafundi na makandarasi wa kuunganisha nao hutakiwa kuwa na leseni.

Msidhani hayo ni ya waya peke yake. Mwisho wa Septemba 2012 simu bandia za mkononi zilikatwa mtandaoni kwa amri ya tume hiyo hiyo. Na ruta ya intaneti unayoitamani pale dukani nayo yahitaji idhini. Orodha ya aina zilizoidhinishwa iko kwa Mamlaka, waweza kuitazama kabla hujatoa pesa.