Kupiga foto ya ndege na pesa kidogo: tununue nini kwanza?

Kijana mumoja wa Katuba, mwenye kuishi na kazi ya kupiga foto za ndoa, alikuja kutuona hapa Lubumbashi. Alikuwa na dola 500 zenye alichunga mwaka muzima. «Bayaya, nataka kuenda kupiga ndege ku ziwa Tshangalele. Muuzishaji anasema nichukue apareyi mupya, ile yangu Canon 700D imezeeka. Nifanye nini?»

Tulicheka kwanza, tukamuambia aseme «kupiga foto ya ndege», kama hapana watu watafikiri anaenda na manati. Kisha tukamujibu: pole pole, ndugu. Dola 500 ya kijana ni chakula cha nyumba. Akinunua kitu chenye hakimusaidie, ile pesa haitarudia.

Sisi wenyewe tulikwisha kuanguka mu mutego ule. Tulinunua apareyi mupya, ya kungaa, na kaobjektifu kadogo ka milimita 18 mupaka 55 kenye kakuwaka mu sanduku. Ku ziwa tukafyatua foto mia tatu. Kurudia ku nyumba tunaangalia: maji, majani, na kidoti kimoja cheusi. Kile kidoti ndio ndege.

Objektifu njo inaleta ndege karibu

Apareyi inakamata mwangaza, lakini objektifu njo inaleta ndege karibu. Nguvu yake inahesabiwa kwa milimita. Milimita 50 inaonyesha vitu karibu sawa jicho linaona. Kwa ndege, anzia ku 300. Na 400 ni muzuri zaidi, kwa sababu ndege wengi ni wadogo na hawapende mutu akaribie.

Kuna pia jambo moja lenye kusaidia mwenye pesa kidogo. Apareyi za bei ya chini sawa Canon 700D ziko na kaptere ndogo kuliko zile za bei kubwa. Ile kaptere inakata pembeni ya picha, na ndege anaonekana mukubwa zaidi. Objektifu ya milimita 300 ku Canon ya namna hii inaonyesha sawa 480 ku apareyi kubwa. Ku Nikon, sawa 450. Kwa hiyo apareyi ya zamani ya yule kijana haikuwa mubaya hata kidogo. Ilikuwa paka na njaa ya objektifu.

Kila mutu na mufuko wake

Mwenye Canon na pesa kidogo sana, atafute objektifu ya okazyo EF-S 55-250 IS STM. Haifike hata gramu 400, na inatuliza mutetemeko wa mukono. Milimita 250 ni kidogo, lakini foto inatoka safi ukiweza kukaribia. Msichanganye na ile 75-300 ya bei chini yenye wauzishaji wanapenda kusifu: namba ni kubwa, lakini ku mwisho wa zumu foto inakuwa na ukungu, na hakuna kitu cha kutuliza mutetemeko.

Mwenye hana apareyi kabisa anaweza kuwaza juu ya Nikon P900, yenye zumu yake haitoke. Inafika mbali sana, sawa milimita 2000. Kwa kujua ndege ametua ku muti ni wa aina gani, ni chombo cha maana. Lakini kaptere yake ni ndogo sana: asubuhi ya mawingu foto inajaa punje-punje, na ndege akiruka, apareyi inachelewa kumufuata.

Mwenye kuweza kungojea na kuongeza pesa, aangalie Canon 400 f/5.6, ya zamani lakini kali kwa ndege mwenye kuruka. Ao Sigma na Tamron za 150-600. Ao Nikon 200-500. Hizi tatu za mwisho zina uzito wa karibu kilo mbili ao zaidi. Ile Canon 400 haina kitu cha kutuliza mutetemeko, basi inaomba jua ya kutosha ao trepiye.

Watu wa Nikon mujichunge: Nikon ndogo, za D3000 na D5000 na ndugu zao, hazina mota ya ndani. Objektifu za zamani za AF-D zitaingia vizuri, lakini hazitajielekeza zenyewe ku ndege. Utazungusha na mukono, na ndege hatakungojea.

Mbele ya kutoa pesa

Kitu cha okazyo kinaomba macho. Washa torshi, angalia ndani ya objektifu: mu inchi yetu ya mvua mingi, kuvu inaota ku vioo sawa utandu wa buibui. Ukiiona, acha. Zungusha zumu, sikiliza kama muchanga unalia. Weka objektifu ku apareyi yako mwenyewe, piga foto ya maandishi ya ukuta wa mbali, kisha kuza foto ku ekra. Muuzishaji akikataza ile mitihani, jibu lake umelipata.

Na usimalize pesa yote. Bakisha ya batri ya pili, kwa sababu kurã inapotea wakati wowote, na ya safari. Objektifu ya kulala mu kabati haipige foto.

Sababu gani tusumbuke?

Wengine wanatuuliza: ndege haliwe, haiuzishwe, foto yake ni ya nini? Jibu liko kwetu. Mu mwaka 2024 ilitangazwa kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso walipata foto ya kwanza kabisa ya Prionops alberti, ndege mweusi mwenye kofia ya manjano, ku milima ya Itombwe, Kivu ya Kusini. Mbele ya ile foto, ndege yule alikuwa mu vitabu, lakini dunia haikuwa na picha yake hata moja.

Na huku Katanga? Ziwa Tshangalele, karibu na Likasi, lilitokea na barrage ya Mwadingusha ku muto Lufira. Pale njo makao ya kwera wa Lufira, Ploceus ruweti, mwenye kupewa jina la kisayansi mu mwaka 1982. Miaka mingi ikapita bila habari yake, mupaka 2009 watafiti walipoandika kwamba wamemupata tena. Ni ndege wa Katanga peke. Dume lake ni la manjano na uso mweusi, na linafanana sana na kwera wengine. Kwa kumutambua, uso lazima uonekane wazi. Pale njo milimita zinakuwa na maana. Foto safi, yenye tarehe na pahali, unaweza kuiweka ku eBird ya Chuo Kikuu cha Cornell, na mutafiti wa mbali akajua ndege yule angali iko.

Neno moja la busara: objektifu murefu inaogopesha watu. Ukifika ku kijiji, anza kwa chifu, eleza kazi yako, onyesha foto. Usielekeze hata siku moja ku barrage, ku pon ao ku askari.

Na yule kijana?

Alichunga apareyi yake ya zamani. Alinunua 55-250 ya okazyo, pesa nyingi ikabakia mu mufuko. Akaenda Tshangalele mu mvua, wakati kwera wanajenga. Saa kumi na mbili ya asubuhi alikuwa mu mutumbwi pamoja na muvuvi mumoja, wametulia sawa majani.

Alirudia na kiboko-samaki mudogo wa buluu, mudomo mwekundu, hata tone la maji linaonekana. Alileta pia kwera wa manjano ku kiota chake. Tulikuza ile foto ku ekra, tukainama wote. Uso uko mu kivuli, ndege yuko mbali. Ni yule wa Lufira? Foto haiseme.

«Zilikosa milimita,» akasema.

Sasa anachunga tena dola, moja moja, kwa ajili ya 400. Ziwa liko pale. Mvua ingine itakuja.