Je, Wajua? Kompyuta ya Kurushia Ndege, Korogwe na Handeni

Chukua ramani ya Tanzania na uweke rula kutoka uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi ule wa Kilimanjaro. Mstari huo wa takriban kilomita 450 unapita kati ya Handeni na Korogwe. Handeni inabaki mkono wa kushoto na Korogwe mkono wa kulia, na ukifika usawa wa Korogwe umemaliza karibu nusu ya safari. Kijana wa Chanika, Handeni, au wa Manundu, Korogwe, anaweza kuirusha safari hiyohiyo akiwa mezani kwake, kwa programu ya kuigiza urubani, yaani simuleta. Kazi ni kupata kompyuta inayofaa, na hapo ndipo fedha za wengi hupotea.

Je, wajua kwamba simuleta ya kwanza kuenea duniani ilitokana na vinanda? Edwin Link wa Binghamton, jimbo la New York, alikulia katika kiwanda cha vinanda cha baba yake. Mwaka 1929 alitumia mivukuto na pampu za vinanda kuunda kijindege kinachoinama na kugeuka bila kuondoka sakafuni. Jeshi la Marekani lilinunua 6 mwaka 1934, baada ya marubani wake kadhaa kufa wakisafirisha barua katika hali mbaya ya hewa.

Na je, wajua kwamba watu wamekuwa wakichagua kompyuta kwa kutumia simuleta kwa zaidi ya miaka 40? Microsoft Flight Simulator, iliyotungwa na Bruce Artwick, ilitoka mwaka 1982, Windows ikiwa bado haijazaliwa. Siku hizo kampuni nyingi zilidai mashine zao zinafanana na ya IBM. Wanunuzi wakaziwekea programu hiyo: ikienda sawasawa, mashine ni ya kweli, ikigoma, dai limeanguka.

Madukani kwetu boksi zima la chuma huitwa "CPU". CPU yenyewe ni kipande kidogo kinachoenea kiganjani, na ndicho kinachobeba mzigo mkubwa wa simuleta, kwa sababu hesabu za upepo, mabawa, injini na ndege nyingine angani hazikomi. Wengi hudanganywa na stika ya "Core i7". Tazama namba inayofuata kistari, kwa kuwa ndiyo inayotaja kizazi. Core i7-2600 ni ya mwaka 2011, ina viini 4. Core i5-8400 ni ya 2017, ina viini 6, nayo ndiyo iliyopendekezwa kwa Flight Simulator ya 2020. Hapa i5 inaishinda i7 waziwazi.

Mashine nyingi zinazofika kwetu zikiwa zimekamilika ni mtumba wa maofisini: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ni imara na nazipenda, ila zilizaliwa kwa ajili ya barua na mahesabu. Nyingi hazina kadi ya grafiki, na bila kadi hiyo milima ya Usambara itasogea kwa kushtuka kama picha za slaidi. Kuiongeza kuna mtego. Pawasaplai ya boksi jembamba mara nyingi haizidi wati 260, na haina waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa. Pia soketi zake ni za kiwanda kilekile, kwa hiyo huwezi kubandika pawasaplai yoyote uliyoikuta sokoni. Soketi ya kadi yenyewe hutoa wati 75 tu. Kadi kama GTX 1650 hutosheka na hizo, lakini kwa boksi jembamba tafuta ile fupi ya kimo. Kama una nafasi ya kuchagua, nunua boksi refu, la mnara.

RAM ni jambo la haraka: toleo la 2020 linataka gigabaiti 8 kwa uchache na 16 ili litulie, la 2024 linaanzia 16 na kupendekeza 32. Diski iwe SSD.

Bando ndilo lenye maumivu. Toleo la 2020 linahitaji nafasi ya gigabaiti 150. Kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde, kuzishusha zote ni takriban saa 67 mfululizo. Ukianza kuruka, picha za ardhi huendelea kuvutwa kutoka mtandaoni. Ndiyo maana kwa Handeni na Korogwe ningeanza na simuleta nyingine, FlightGear. Ni ya bure, inaruhusiwa kunakiliwa, na mandhari yake hugawanywa vipande: waweza kuishushia penye mtandao mzuri, ukaibeba kwenye diski ya nje hadi nyumbani.

Umeme nao una neno. Kituo cha Hale, wilayani Korogwe, kimekuwa kikitumia maji ya mto Pangani tangu 1964, na uwezo wake ni megawati 21. Kuishi jirani na mitambo hakuzuii kukatika. Kompyuta ya mezani haina betri, basi bei ya UPS iwe ndani ya hesabu tangu mwanzo. Mashine inayokula wati 400 ikichezwa saa 3 inamaliza uniti 1.2 za LUKU. Ikiwa imetoka Marekani, chungulia nyuma ya pawasaplai: kama kuna swichi ndogo nyekundu imesimama 115, isogeze 230 kabla ya kuchomeka, la sivyo itaungua palepale. Vumbi la kiangazi nalo huziba feni, na CPU ikipata joto hupunguza kasi yenyewe. Ipulize kila mwezi.

Siku ya kununua, nenda na FlightGear kwenye diski yako. Mwombe muuzaji afungue kifuniko uone kadi na pawasaplai kwa macho, kisha ruka kutoka Tanga kuelekea Kilimanjaro, Usambara ikiwa kushotoni, kwa nusu saa nzima. Mashine ikikwama hapo dukani, itakwama na nyumbani. Iache.