"Mtaonana Tena": Tunaahidi Nini Hasa?

Wanachuo wenzangu, msiba ukitokea kuna maneno mawili hayakosi. La kwanza ni "pole sana". La pili ni "usilie, mtaonana tena". Hili la pili husemwa kwa nia njema, lakini mara nyingi tunalitumia kama kizibo. Ukishaambiwa, machozi yakome. Anayeendelea kulia anaonekana imani yake ndogo. Nataka kueleza kwa nini Ukristo haufundishi hivyo.

Tuanze na hapahapa mjini. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, watu wakakimbilia kuchota petroli, likalipuka. Waliokufa walipita 100. Baadhi ya miili iliungua hata isitambulike kwa sura, ikabidi ndugu watoe sampuli za vinasaba. Wengi walizikwa makaburi ya Kola. Sasa mama ambaye hakuweza kuitambua sura ya mwanawe, ukimwambia "mtaonana", unamwahidi nini?

Swali linalofanana na hilo liliwasumbua Wakristo wa Thesalonike karibu miaka 2,000 iliyopita. Walikuwa wanamsubiri Kristo arudi, wenzao wakaanza kufa. Wakahofu kwamba waliokufa wameachwa nyuma. Paulo akawajibu katika waraka wa kwanza, sura ya 4: waliokufa katika Kristo watafufuka kwanza, kisha walio hai watachukuliwa pamoja nao kumpokea Bwana. Kuhusu huzuni, hakuwakataza kuhuzunika. Aliwakataza huzuni ya mtu asiye na tumaini. Hayo ni mambo mawili tofauti, na msibani tunayachanganya.

Yesu mwenyewe ni mfano. Katika Yohana 11 anafika Bethania akijua kabisa kwamba anakwenda kumfufua Lazaro. Ulibaki muda mfupi tu waonane, na bado alilia. Kama machozi ni upungufu wa imani, hapo tutasemaje?

Je, tutajuana? Biblia haituchorei picha nzima. Masadukayo walipomuuliza Yesu kuhusu mwanamke aliyeolewa na ndugu saba, aliwajibu kwamba katika ufufuo hakuna kuoa wala kuolewa. Yaani maisha hayo si marudio ya haya tuliyozoea. Lakini Maria Magdalena, asubuhi ile ya ufufuo, alimdhania Yesu kuwa mtunza bustani mpaka alipoitwa kwa jina. Kumbe kifo hakikufuta jina la mtu wala kujuana kwao. Mimi nashika hapo: anayetufufua anamjua kila mmoja, hata pale sisi tuliposhindwa kumtambua.

Hamu hii haikuletwa na wamisionari. Kabla mapadre wa Roho Mtakatifu hawajajenga misheni Morogoro miaka ya 1880, Waluguru wa milimani walikuwa wakiwakumbuka wazee wao kwa tambiko. Kwao marehemu anabaki kuwa mtu wa ukoo, na ukoo unahesabiwa kwa mama. Bibi yangu mzaa mama amelala Mgeta, na kwa hesabu hiyo mimi ni wa kwake moja kwa moja. Kanisa halikuizima hamu hiyo, ila liliielekeza kwingine: tusiwaite marehemu waje kwetu, tumngoje Mungu atukutanishe. Wakatoliki huwaombea marehemu, hasa tarehe 2 Novemba. Walutheri humshukuru Mungu kwa maisha ya marehemu na kuwafariji walio hai. Hapo wanatofautiana, ila wote wanakiri ufufuo wa wafu.

Paulo anamaliza sura ile kwa kuwaagiza Wathesalonike wafarijiane kwa maneno hayo. Kufarijiana kunataka watu wakae pamoja; haitoshi kutuma ujumbe wa simu na kuendelea na mambo yako. Kwa hiyo mwenzako wa hosteli akirudi kutoka kuzika, mwambie "mtaonana" kama ndiyo imani yenu, lakini ukae naye, umwache alie, akusimulie. Mimi nilipofiwa na bibi niliambiwa maneno mengi mazuri. Aliyenifariji kuliko wote ni rafiki wa chumbani, aliyekaa kitandani kwangu akaniuliza, "Bibi alikuwa anaitwa nani?"