MDOGO ALIYEMLA DINOSARIA

Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Wengi wetu tunaamini ati mamalia wa enzi za dinosaria walikuwa kama panya tu, wakijificha mashimoni wasikanyagwe. Ni kweli wengi walikuwa wadogo, lakini si wote waliokuwa waoga.

Hebu tumtazame mmoja, aitwaye kitaalamu Repenomamus robustus. Aliishi Uchina, katika jimbo la Liaoning, yapata miaka milioni 125 iliyopita. Umbo lake lilikaribia la nyegere: miguu mifupi, mwili mnene na meno ya mbele makali. Uzito wake? Kama paka wa nyumbani aliyeshiba!

Mwaka wa 2005 wataalamu walitangaza jambo la ajabu. Ndani ya mbavu za kisukuku chake, pale penye tumbo, palikuwa na mifupa ya mtoto wa dinosaria mla majani aitwaye Psittacosaurus, mwenye mdomo kama wa kasuku. Pengine utauliza, je, si alikula yai tu? La, hasha! Meno ya mtoto yule yalikuwa yameanza kulika kwa kutafuna, kwa hivyo alikuwa ameshaanguliwa. Tena mifupa mingine ilikuwa bado imeungana, ishara kwamba alimezwa kwa mapande makubwa.

Wapo waliobisha wakisema labda aliokota mzoga. Basi mwaka wa 2023 kikatangazwa kisukuku kingine kutoka huko huko Liaoning. Mamalia huyu amempanda Psittacosaurus mwenye uzito kama mara tatu ya wake, mkono umeshika taya, meno yamezama mbavuni. Mifupa ya dinosaria haina alama za kuguguna, kama ambavyo mzoga ungekuwa nazo. Inaelekea walikuwa wangali wakipigana tope la volkano lilipowafunika wote wawili. Kumbe aliyewindwa ndiye mkubwa!

Mimi ndiye mfupi kuliko wote darasani kwetu, kwa hivyo habari hii iliniingia sana. Ndugu zangu wa kidato cha kwanza, msivunjike moyo mkiitwa vidagaa. Nasi wakubwa tujihadhari: mifupa ya Liaoning inatuambia kwamba kimo peke yake hakitoshi kumjua mshindi.