Fedha Kabla ya Mauzo

Ndugu msomaji, tuseme wewe ni fundi cherehani. Mtu wa mji wa mbali anataka mashati 200. Atalipa akiyapata. Lakini leo huna fedha za kununua kitambaa, uzi wala vifungo. Kazi umeipata, ila huwezi kuianza. Utafanyaje?

Shida kama hii ilivipata viwanda vya Korea ya Kusini katika miaka ya 1960. Nchi hiyo ilikuwa maskini. Vita vyake vilisimama mwaka 1953. Ilihitaji fedha za kigeni ili inunue mafuta na mashine.

Chukua mfano wa kiwanda cha nywele za bandia. Wachuuzi walizunguka vijijini wakinunua nywele za wanawake. Kiwandani, wasichana walizishona. Wanunuzi walikuwa Marekani. Nywele zilitaka fedha mapema. Wafanyakazi walitaka mishahara. Fedha za mnunuzi zilikuja baadaye.

Serikali ilisaidiaje? Mwenye kiwanda alipeleka benki barua iliyotoka katika benki ya mnunuzi. Barua hiyo iliahidi hivi: bidhaa zikipelekwa kama tulivyopatana, tutalipa. Kwa barua hiyo alipata mkopo. Bidhaa zilipouzwa, alirudisha mkopo.

Riba yake ilikuwa ndogo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, aliyekopa 100 alilipa riba ya 6 hivi kwa mwaka. Mkopaji wa kawaida wa benki alilipa zaidi ya 20.

Je, nafuu hiyo ilikuwa ya bure? Hapana. Wakopaji wengine walibeba riba kubwa. Wasichana wa viwandani nao walifanya kazi saa nyingi kwa mshahara mdogo.

Mwaka 1964 nchi hiyo iliuza nje bidhaa za dola zaidi ya milioni 100. Mwaka 1977 mauzo yalifika dola milioni 10,000. Mikopo peke yake haikuleta matokeo hayo. Watu walijifunza kazi na kujitahidi. Mwaka 1982 serikali iliondoa riba hiyo ya upendeleo. Mtoto akijua kutembea, huachwa mkono.

Ndugu msomaji, tukumbuke mambo mawili. Mkopo huu ulitolewa kwa aliyekuwa na mnunuzi wa kweli. Na ulirudishwa. Dawa ya deni ni kulipa.