Kuuvika Utando Metali Yenye Vitundu

Dhahabu ya kuchovya hupatikana kwa umeme: pete hufungwa kwenye waya, huzamishwa katika maji yenye chumvi ya dhahabu, na mkondo huivuta metali ije kushika. Utando wa plastiki hauchovyeki hivyo, kwani elektroni hazina pa kupita. Ndivyo ulivyokuwa utando wa polistireni ambao W. Thomas Grubb wa General Electric, Marekani, aliutumia mwaka 1955 katika seli ya fueli, kifaa kinachotoa umeme kwa kuunganisha gesi za haidrojeni na oksijeni: ulipitisha ioni za haidrojeni, si elektroni. Miaka mitatu baadaye mwenzake, Leonard Niedrach, alipata njia ya kuuvika platini, metali inayochochea mmenyuko, na Agosti 1965 seli za aina hiyo ziliwapa umeme wanaanga wa Gemini 5 kwa karibu siku 8.

Kushikisha platini ni nusu ya kazi. Tabaka lisilo na mwanya huizuia gesi kuufikia utando. Lenye chembe zilizotawanyika mno halifikishi umeme kwenye waya. Zinatakiwa chembe zinazogusana huku zikiacha vitundu, ili gesi, metali na utando vikutane. Hapo tu ndipo haidrojeni hugawanyika kuwa ioni na elektroni.

Njia mojawapo huutumia utando wenyewe. Nafion, uliobuniwa na kampuni ya DuPont, una chaji hasi zilizofungwa ndani yake. Ukilowekwa katika chumvi ya platini, hunasa ioni chanya za metali hiyo. Kisha huhamishiwa kwenye sodiamu borohaidraidi, kemikali inayotoa elektroni bila waya wala betri, na platini hugeuka metali. Kwa bahati njema, borohaidraidi nayo ina chaji hasi, kwa hiyo utando huisukuma, na metali hujikusanya karibu na uso. Hata hivyo chembe kadhaa huzama mahali gesi isipofika, na kwa bei ya platini huo ni uharibifu.

Plastiki isiyonasa ioni huhitaji njia nyingine: Teflon yenye vitundu hukwaruzwa kwanza kwa kemikali, ikachovywa katika kloridi ya bati, halafu ya paladi. Mbegu za paladi ndizo huanzisha ugandaji wa nikeli, metali inayoivika, pia bila umeme. Kuloweka kukizidi, vitundu huziba.

Uharibifu wa platini nao ulipata dawa: mwanzoni mwa miaka ya 1990, maabara ya Los Alamos, Marekani, ilichanganya kaboni yenye platini na Nafion iliyoyeyushwa, ikapata wino wa kubandikwa kwa joto. Platini ikashuka kutoka miligramu 4 kwa sentimita ya mraba hadi chini ya 0.5. Humo kaboni ndiyo hubeba elektroni, na platini hubaki na kazi ya kuchochea mmenyuko tu.